Mkanda wa Sajini na Viganja Vyetu

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa akipuliza chakula cha mbwa wake kipoe. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo linaloniwasha zaidi. Sufuria ya vichwa vya samaki iko chini, yeye amechutama na kaptula yake iliyopigwa pasi mpaka ikasimama wima, mashavu yamejaa, fuu, fuu, na mbwa amekaa kando akingoja kama bwana arusi. Huchovya kidole kwanza apime moto, ndipo aisogeze sufuria. "Taratibu, Sajini. Utaungua ulimi." Mkono ule ule, asubuhi ya siku ile ile, ulikuwa umenicharaza viganja kwa kosa la punda.

Naam, punda. Aliingiza kichwa dirishani katikati ya somo, wakati Mwalimu anauliza nani anaweza kuja ubaoni. Punda akalia kwa nguvu zake zote. Darasa likacheka, hata ukuta ungekuwa na meno ungecheka. Mwalimu akauliza nani alianza kucheka. Macho yote yakaenda kwa punda. Basi akafungua kabati, akatoa henzirani, akatupitia safu moja baada ya nyingine, viganja viwili kila mtu. Akiisha huyu, yule. Punda alitazama mpaka mwisho, kisha akaenda zake. Katika wote waliokuwapo, mwenye kosa ndiye pekee aliyetoka mzima.

Alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani, hayo waulizeni kwao bara. Mimi nilimjua miaka minne, tena nilimjua kwa mikono.

Alikuwa mrefu, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa isimwanguke akiinama. Soksi mpaka magotini, hata siku za joto ambazo sisi wenyewe wa kisiwa cha Amu tunatafuta kivuli cha ukuta. Alipokuja, Uhuru ulikuwa bado mchanga na walimu wa bara walikuwa wachache. Watu walimpa heshima na nyumba nzuri mjini. Nyumba ile aliipoteza kwa sababu ya mbwa. Mwenye nyumba alimwambia, "Bwana Mwalimu, wewe karibu. Huyo, hapana." Akahama siku ile ile, akaenda kupanga chumba na ua huko Wiyoni, pembezoni mwa mji. Hakubishana. Nasema haya ili mjue: kwa ajili ya mbwa yule aliweza kuvumilia lolote. Kwa ajili yetu hakuvumilia hata kikohozi.

Alikuwa na misemo yake. "Jibu sahihi kwa njia mbaya ni kosa," alisema, na kweli alikuwa akikukata alama zote hata kama jibu lako limetua palepale linapotakiwa. "Hasira haijui kutoa wala kujumlisha." Huo nao aliusema, henzirani mkononi. Henzirani yenyewe alikuwa akiipaka mafuta ya nazi kila Ijumaa isikauke ikapasuka. Nasi mafuta ya nazi tulikuwa tukiyapaka viganjani kabla ya somo lake, tukiamini fimbo itateleza. Kwa hiyo siku za Ijumaa darasa zima lilinuka kama jiko la harusi.

Sitaki mseme ninamsingizia. Mwenzetu mmoja alipolazwa na homa, Mwalimu alikwenda kila jioni na daftari, akamsomesha kitandani bila kuombwa, mpaka kijana akafaulu mtihani. Alituongezea saa za somo alasiri na hakudai chochote kwa mzazi yeyote. Mama zetu walimwombea dua. Sisi tulikuwa tukiitikia amina kwa sauti ndogo.

Na bahari! Aliiogopa kama mtoto anavyoogopa jini. Lakini kila Jumamosi alivuka kwa mashua kwenda Mokowe, ng'ambo ya pili, amekumbatia mlingoti kwa mikono miwili, macho ameyafumba, midomo inasali kwa lugha ya kwao, na Sajini amesimama mbele kabisa, masikio yanapepea. Walikwenda kuwinda, yeye na mjomba wangu.

Mjomba ndiye aliyekuwa mwindaji hasa. Alikuwa na shamba upande ule wa bara, na porini hakuna alichokuwa hakijui. Mbwa hakumgusa, akilambwa ilibidi aoshe mara saba, moja kwa udongo, na alikuwa mvivu wa kuchota maji. Lakini alimpenda kwa mbali. "Mbwa huyu ana mato ya kadhi," alikuwa akisema kwa lahaja yetu, mato yaani macho. "Kitu kimoja tu kimempungukia."

Kitu hicho Mjomba alikieleza kwa vidole. Katika dini, mbwa wa kuwinda aliyefunzwa ana daraja yake. Umtumapo, aende. Umzuiapo, azuilike. Akamatapo, asile. Akitimiza yote matatu, nawe ukamtuma kwa Bismillahi, windo lake ni halali hata likikata roho kabla hujalifikia na kisu. Sajini alikuwa akienda kama risasi. Hakuwa akila, alikuwa akishika paa shingoni na kungoja, mpole kama yaya. Kuzuilika ndiko kulikomshinda. Akishaona mnyama anakimbia, ita utakavyoita, piga mbinja, taja ukoo wake wote, hasikii. Kwa hiyo Mjomba, na umri wake, alilazimika kutimua mbio nyuma ya mbwa ili amchinje paa angali hai, na mara nyingi alifika na kukuta mzoga. Alikuwa akirudi nyumbani hana nyama, ana miba.

Tulisema Mwalimu amekosea kumwita Sajini. Ndiyo maana hapokei amri ya raia.

Porini ilikuwa hasara ya nyama tu. Kisiwani ilikuwa balaa. Mbuzi wa Amu hawana mchungaji wala haya. Wanazurura vichochoroni, wanakula karatasi, wanalala mlangoni mwa yeyote. Mbuzi wa kwanza aliuawa na Sajini kwa sababu alikimbia. Wa pili vivyo hivyo. Mwalimu alikwenda kwa kila mwenye mbuzi, akavua miwani, akaomba radhi, akalipa. Kisha akaitwa na afisa wa serikali, naye mtu wa bara, ambaye alikuwa akikaa naye kiti kimoja kanisani.

"Ndugu yangu," afisa alimwambia, na maneno haya yalifika sokoni kabla Mwalimu hajafika kwake, "mbuzi wa tatu ni risasi. Usije kwangu na Biblia."

Hapo ndipo mikanda ilipoingia.

Kulikuwa na Mzungu mmoja aliyepiga kambi mbele ya Mokowe, anawinda kanga na mbwa wake wawili. Shingoni mbwa wale walivaa mikanda iliyobeba visanduku, na Mzungu alishika kisanduku kingine chenye waya mrefu kama wa redio. Mbwa akikaidi, Mzungu anabonyeza kitufe, na mkanda unampa mbwa mshtuko wa stima shingoni. Mjomba alipoona mara ya kwanza alisoma Ayatul Kursiyyu. Mwalimu alipoona, aliomba kiti, akakaa siku nzima akitazama. Mzungu alikuwa karibu kurudi kwao. Akasema atamwachia mkanda mmoja, achague mwenyewe. Akampa yote miwili kwa juma moja, pamoja na kijitabu cha maelezo.

Mkanda mkubwa ulikuwa na nguvu moja tu, kali, na ulifika mbali sana. Mdogo ulikuwa na ngazi tano, kutoka mwasho wa sisimizi mpaka huko juu, lakini ulifika karibu. Uamuzi ulikuwa huo. Mtu mwingine angerusha sarafu. Mwalimu alichagua kama mtu anayemchagulia binti yake mume.

Alimpima Sajini uzito kwa mizani ya dukani, mwenye duka akiwa hataki. Alipima shingo kwa uzi. Alihakikisha vidole viwili vinapita kati ya mkanda na ngozi, si kimoja, si vitatu. Alipapasa manyoya aone kama vile vijiti viwili vya shaba vitagusa ngozi bila kuichoma. Alijaza maji ya chumvi kwenye ndoo aone upi utapitisha maji. Maji yalipokupwa alinituma niukimbize mkanda mchangani, nikiwa nimeushika mkononi, vijiti vikiangalia nje. Kila kitaa chake kidogo kikiwaka ninyooshe mkono juu, naye anabonyeza na kuhesabu hatua. Mdogo ulinyamaza kabla sijafika kwenye mikoko. Mkubwa uliwaka mpaka nikachoka mimi.

Mbona mimi? Kwa sababu nilikuwa naadhibiwa. Nilikuwa nimemwiga anavyotembea, na soksi zangu nimezivuta mpaka magotini, bila kujua yuko nyuma yangu. Baada ya viboko alinipa na nyongeza: nitafsiri kile kijitabu cha Kizungu kwa Kiswahili, kwa hati safi, ili Mjomba aelewe, na nimsaidie kwa majaribio.

Nikakaa nikatafsiri. Wallahi, damu ilinichemka mpaka wino ukamwagika. Kijitabu kilisema: Usimwadhibu mbwa ukiwa na hasira. Usimwadhibu kwa jambo ambalo hujamfunza. Anza na nguvu ndogo kabisa anayoweza kuisikia. Kosa lililokwisha pita liache; adhabu iliyochelewa humfunza mbwa kukuogopa wewe, wala haimwondolei kosa. Usiwaadhibu mbwa wote kwa kosa la mmoja. Na akirudi, msifu, hata kama amechelewa.

Hata kama amechelewa! Sisi tukichelewa kwa sababu ya maji kujaa njiani, kiganja kinasubiri mlangoni.

Jumapili ya juma lile alasiri, uani kwake Wiyoni, akaniita. Mjomba alikuwa amesimama kwenye kizingiti, mbali na mbwa. Mwalimu akakaa kwenye kigoda, akavua tai, akafungua shati. Akajifunga mkanda mdogo shingoni.

"Mwalimu, si uufunge mkononi?" nikamwambia.

"Mbwa havai mkononi." Akanipa kile kisanduku. "Ngazi ya kwanza. Hesabu moja, kisha achia."

Nifahamuni. Miaka mitatu na kitu ya henzirani ilikuwa imekaa kwenye kidole gumba changu. Nilibonyeza.

"Sijasikia. Ya pili."

Ya pili alisema sisimizi. Ya tatu mdomo ulimcheza. Ya nne aliruka na kutamka neno la kwao ambalo nadhani halimo katika Biblia. Ya tano alishika magoti. Akaandika kila kitu daftarini. Kisha akavaa mkubwa.

"Bwana Mwalimu," Mjomba akasema, "nakuomba. Mbwa ni mbwa."

"Bonyeza."

Aliniambia hesabu moja. Nilihesabu moja ya polepole. Sitakataa.

Alianguka na kigoda chake. Miwani ilining'inia kwa uzi. Sajini alilia, akamrukia, akamlamba uso wote. Mwalimu alibaki chini, amemshika mbwa, machozi yanamtoka, wala si ya kulia, ni yale yanayotoka yenyewe. Nilitaka kucheka, nilikuwa nimeingoja siku hiyo kama Idi. Kicheko hakikuja. Niliona haya, kisha nikakasirika kwa kuona haya.

"Huu, hapana," akasema alipopata pumzi.

"Huo ndio ufikao mbali," akasema Mjomba. "Mbuzi hawalishi mlangoni mwako. Na mbwa huyu akishika ndia, kitwa chote kiko mbele."

Mwalimu akanigeukia. "Wewe ungechagua upi?"

Miaka yote ile, hakuwahi kuniuliza jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwa na jibu lake. Nikasema, "Mdogo, Mwalimu." Akaitikia kwa kichwa polepole, akafunga daftari. Mkubwa ukarudishwa kwa Mzungu.

Na mimi nikaenda nyumbani nimejaa. Huyu mtu amejitia stima shingoni asije akamwonea mbwa! Nikachukua karatasi, nikaandika upya kanuni za kijitabu kwa hati yangu nzuri, ila kila palipoandikwa mbwa nikaandika mwanafunzi. Usimwadhibu mwanafunzi ukiwa na hasira. Usiwaadhibu wanafunzi wote kwa kosa la mmoja. Jumatatu asubuhi nikaibandika juu ya mlango wa darasa.

Mwalimu aliingia, akaona, akasoma mpaka mwisho. Akatoa kalamu nyekundu, akasahihisha herufi niliyokosea. Hakuuliza nani, hati aliijua, alikuwa nayo nyumbani. Akafungua kabati.

Sita mkono huu, sita ule. Alikuwa na hasira, na darasa zima liliona ile kanuni ya kwanza ikivunjwa mbele yao, na ya tatu, maana hakuanza na nguvu ndogo. Katikati nikamwambia, "Mwalimu, hiyo umewahi kujijaribia?"

Akasimamisha mkono. "Nilijaribiwa nayo miaka minane," akasema. "Ndiyo maana niko hapa." Akaendelea.

Kisha akanirudishia karatasi yangu. Juu yake alikuwa ameandika tisa juu ya kumi. Alinipa alama! Alisahihisha malalamiko yangu kama zoezi la nyumbani, akanikata moja kwa herufi ile.

Majuma kadhaa mkanda mdogo ulifanya kazi. Porini Sajini alirudi kwa ngazi ya tatu, kisha ya pili, kisha kwa sauti peke yake. Mwalimu alikuwa akipiga magoti na kumsifu kama kijitabu kilivyosema, "Vizuri! Vizuri sana, Sajini!" Sisi neno hilo hatukuwahi kulisikia kwake. Siku moja Mjomba alimtuma kwa Bismillahi, akamzuia, akazuilika, akamtuma tena, akaleta kanga aliyekwisha kufa. Mjomba akamla bila wasiwasi. "Yeo amehitimu," akasema, akamtupia mbwa kipapatio kwa heshima.

Ijumaa moja, watu wako msikitini, mtu aliacha mlango wa ua wazi. Tulitoka swala tukamkuta Mwalimu anakimbia mchangani, kisanduku mkononi, waya umesimama, anabonyeza, anabonyeza. Sajini alikuwa mbali mbele yake, mkanda shingoni, na mbele ya Sajini mbuzi mweupe wa bibi mmoja mjane. Mwalimu alikuwa anaita jina mpaka sauti ikapasuka. Sajini alikuwa amekwisha ipita ile hatua niliyoiona mimi mwenyewe kitaa kikizima. Kila aliyekuwapo aliona kidole chake kikishuka na kupanda bure.

Mbuzi alikuwa wa tatu.

Askari alikuja asubuhi yake na bunduki. Mwalimu hakwenda kwa afisa, na Biblia au bila Biblia. Alimvua Sajini mkanda kwanza, akamshika kwa kamba mwenyewe, akatembea naye nyuma ya nyumba za mwisho, akizungumza naye njia nzima. Watu walisema alhamdulillahi, mbuzi watapumzika. Nilitaka kuwatukana wote, na mimi sina mbwa wala sitaki kuwa naye.

Jumatatu alikuja darasani, soksi mpaka magotini, akafundisha hesabu za sehemu, na kabla ya kengele alikuwa ameshachapa watatu. Juma lile nilitaka kumhurumia. Hakuniachia nafasi.

Mwisho wa muhula alihamishwa, kurudi bara. Nilimkuta Mokowe. Nilikuwa nimevuka kumpelekea Mjomba unga, naye Mwalimu alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la bati kando ya basi, shati limelowa mawimbi. Nikamwamkia. Akaitikia, akasogea nikae. Hilo nalo lilikuwa jipya.

 Utingo alikuwa anapandisha magunia juu ya basi.

"Ningechagua ule mkubwa," akasema, "angekuwa hai."

"Pengine, Mwalimu."

"Si pengine. Nimepiga hesabu. Angekuwa ndani ya masafa mpaka mwisho." Akapangusa miwani. "Wewe pia ulisema mdogo."

"Nilisema. Kwa kuwa najua mkubwa unavyouma."

"Hukuwahi kuuvaa."

"Nimeuvaa miaka minne, Mwalimu. Sisi wote ulituchagulia ule mkubwa."

 Nilijua sasa nimempata. Kwamba atainama, atasema neno, hata nusu ya neno, nami nitalibeba nivuke nalo maji niwapelekee wenzangu. Aligeuka akanitazama vizuri, kutoka nywele mpaka miguu, kama mtu anayekagua kitu alichokitengeneza mwenyewe na hakikuharibika.

"Na nyote mko hai," akasema.

Alisema kwa upole. Sauti ile ile ya sufuria, ya "Taratibu, Sajini." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakutuchukia hata siku moja, na hasira niliyoipata pale sikuwahi kuipata kwa kiboko chochote. Angetuchukia, ningejua la kufanya.

Utingo akagonga ubavu wa basi. Mwalimu akasimama, akanyoosha kaptula, akanipa mkono. Niliutazama mkono ule, na nilikuwa na kila sababu ya kuuacha hewani mpaka uchoke.

Niliushika. "Nenda salama, Mwalimu," nikamwambia, nikambebea sanduku mpaka mlangoni mwa basi. Adabu hiyo nilifunzwa na mama yangu, na hajanipiga hata siku moja.